Mwalimu Regina na Makofi ya Usangu

Regina Bujiku hakuwa na sura ya mtu wa kumswaga Katibu Kata kama maksai. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi wa nyuma waliifuata kwa kuinama mbele, na alivaa gauni lile lile la buluu mpaka wanakijiji wakaamini ni sare ya serikali. Hata hivyo, kwenye uwanda wa Usangu, mwendo mfupi kutoka Igawa, mwaka ule wa sabini na sita, alimfanya kiongozi mzima abadilishe hotuba yake kidogo kidogo, Jumamosi hadi Jumamosi, bila kumwambia neno. Silaha yake ilikuwa viganja vya watu wengine.

Tuanze na ng'ombe, maana kwa Msukuma habari isiyoanza na ng'ombe ni uvumi tu.

Baba yake, Mzee Bujiku, aliondoka Shinyanga nyasi zilipoanza kuwa kitu cha kusimuliwa. Aliswaga mifugo kuelekea kusini, akikaa mahali mpaka wenyeji wamchoke au yeye awachoke, kisha akaendelea. Regina alisoma shule ya msingi kwa mwendo huo huo: darasa moja Nzega, jingine Sikonge, jingine Chunya. Kila mahali alifika katikati ya muhula, na kila mahali alichapwa kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha. Huenda ndiko alikoanza kujiuliza fimbo hufundisha nini hasa. Kwake ilikuwa imefundisha kitu kimoja: kukaa karibu na dirisha, tayari kuruka.

Usangu ndiyo iliyomkomesha mzee kutembea. Alikuta majani ya kufika kiunoni, maji ya mto yasiyokauka, na Wasangu waliomtazama yeye na kundi lake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na godoro. Wao walilima mpunga. Ng'ombe wake waliupenda mpunga kuliko walivyopaswa. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, na haukuwa ugomvi wa kipuuzi. Mpunga ulioliwa haurudi shambani kwa sababu mwenye ng'ombe ameomba radhi.

Regina alikuwa amekwisha kwenda chuo cha ualimu kule Iringa, kwenye baridi ya kumfanya mtu wa Shinyanga amkumbuke mama yake. Mkufunzi wake wa saikolojia aliitwa Liberatus, mzaliwa wa Igowole, mtu wa sweta moja na maneno mengi. Mkufunzi Liberatus alikuwa amesoma habari za mtaalamu mmoja wa Marekani aliyechunguza jinsi viumbe wanavyojifunza, na alimpenda kama wengine wanavyoipenda timu ya mpira. Wanafunzi walimpachika mtaalamu huyo jina la Bwana Paka.

"Kabla ya paka alianza na vifaranga," Mkufunzi alisema akipasha vidole vyake kwa pumzi. "Mama mwenye nyumba hakutaka vifaranga chumbani. Ikabidi profesa wake amsitiri, vifaranga vikahamia chini ya nyumba ya profesa."

"Mwalimu, na hapo alikuwa chuo kikuu?" aliuliza mmoja.

"Chuo kikuu kikubwa kabisa."

"Basi na sisi tukifuga kuku bwenini..."

"Kaa chini. Hujafikia daraja la kuku."

Kisha akaja kwa paka. Bwana Paka alitengeneza kisanduku cha mbao chenye mlango, akamweka ndani paka mwenye njaa, akaweka samaki nje pale paka anapomwona. Paka alikwaruza, aliuma mbao, alilia, aliruka. Katika vurugu hizo mguu ukagusa kamba, mlango ukafunguka, paka akala. Akarudishwa. Vurugu zikaanza upya, lakini safari hii zikapungua kidogo. Akarudishwa tena na tena, mpaka siku ilipofika ambapo paka aliwekwa ndani na kwenda moja kwa moja kwenye kamba, kama karani anayejua droo yenye muhuri.

"Paka hakufikiri," Mkufunzi alisema, akinyoosha kipande cha chaki. "Hapo ndipo ukubwa wa yule mtu. Wenzake walikuwa wanasimulia ngano za paka wenye akili, yeye akakaa na saa akapima. Tendo lililoleta raha likanata. Tendo lisiloleta kitu likapukutika. Hivyo ndivyo mnyama anavyojifunza, na mtu naye yumo humo kwa sehemu kubwa."

"Na adhabu, Mwalimu?"

"Ah! Mwanzoni alisema raha inanatisha na maumivu yanabandua, sawa kwa sawa. Baadaye, utu uzima umemkuta, akapima tena kwa watu. Akaona maumivu hayabandui kama alivyodhani. Akasimama mbele ya wataalamu wenzake akasema: nilikosea."

Darasa zima lilicheka. Si kwa dharau. Ni kwamba hawakuwahi kusikia mkubwa yeyote akitumia neno hilo.

Regina peke yake alinyoosha mkono. "Mwalimu, na paka alijifunza nini juu ya Mmarekani?"

Mkufunzi Liberatus alichukua dasta. "Hilo haliko kwenye mtihani," akasema, akafuta ubao.

Alipohitimu alipangiwa shule ya kijiji kile kile alichotia nanga baba yake. Mwalimu mkuu alimkabidhi dasta, chaki na fimbo, na fimbo ndiyo iliyokuwa mpya. Regina aliitumia kuonyesha herufi ubaoni. Kwa kazi ile nyingine alitumia makofi, kitu ambacho kila shule ya nchi hii inacho bure. Mtoto akisoma vizuri alisimama, na wenzake wakampigia: mawili ya haraka, moja zito. Pa-pa, paa!

Yaonekana ni mchezo, lakini aliucheza kwa umakini wa mganga. Aligundua kwamba makofi yasipokuja papo hapo mtoto hajui amepigiwa kwa lipi. Aligundua pia kwamba mtoto akipigiwa kwa kila kitu, hayasikii tena, kama mtu anayeishi karibu na mashine ya kukoboa. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasikia vishindo, akasema darasa la mwalimu yule ni kama harusi isiyo na pilau. Lakini watoto walisoma, na dirishani hakukaa mtu.

Alasiri alifundisha kisomo cha watu wazima, maana miaka ile serikali iliazimia kila mtu asome, na mtu mzima aliyekwepa alitafutwa kuliko mwizi. Huko alikutana na wanafunzi wawili waliomtoa jasho. Wa kwanza alikuwa Damari, mjane wa Kisangu, mkulima wa mpunga, mwenye ulimi uliotangulia miguu yake popote alipokwenda. Wa pili alikuwa baba yake.

Mzee Bujiku alikaa nyuma kabisa, mikono juu ya fimbo, akikataa herufi kama mtoto anavyokataa uji. Regina aliacha "baba ana kuku" za kitabuni, akaandika ubaoni majina ya maksai wa baba yake. Mzee alikunja uso. Midomo ikacheza. Akasoma jina la kwanza kwa sauti ya mtu aliyemwona ndugu yake stendi. Darasa likampigia: pa-pa, paa!

Mzee akasimama kwa hasira. "Mnanipigia makofi? Mimi ni nani, mtemi?"

"Kaa chini, mzee wa mikia," Damari alisema, maana kwake ng'ombe wote walikuwa mikia tu. "Umesoma. Aliyesoma anapigiwa."

"Makofi ni ya mtemi," mzee alinung'unika, lakini mgongo ulikuwa umenyooka. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Regina aliona, akaandika jina la maksai wa pili.

Sasa aje Katibu Kata. Ndugu Asukile alitoka milima ya Rungwe, mtu wa migomba na ukungu, aliyeletwa kwenye joto na mbu kuwaongoza watu ambao hakuelewa wanakula nini. Hakuwa mtu mbaya. Hakula cha mtu, hakumpiga mtu, na kalamu mbili za mfukoni mwake zote ziliandika. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda kupigiwa makofi. Kila Jumamosi alihutubia chini ya mti wa shule, na akipigiwa, shingo yake ilirefuka taratibu kama ya kobe aliyeona jua.

Wakulima walimpigia, kwa kuwa kumpigia hakukuwagharimu kitu. Wasukuma hawakumpigia kamwe. Walisimama pembeni, wameegemea fimbo zao, kimya, nyuso kama milango iliyofungwa. Jumamosi baada ya Jumamosi Ndugu Asukile aliuona ukimya ule, na mwishoni akawa haoni kingine.

Kijiji kilipotakiwa kupangwa upya, nyumba kwenye mistari na mashamba kwenye vitalu, ndipo Katibu aliposimama na kutangaza kwamba wafugaji watahamishiwa ng'ambo ya mto kabla ya mvua. Ng'ambo ya mto kulikuwa na miiba, mchanga, na kisima kimoja chenye maji ya chumvi. Kila mtu alijua maana yake. Kundi la Mzee Bujiku lisingemaliza kiangazi huko, na mzee asingelimaliza bila kundi. Miguu yake haikuwa tena ya kutoka Shinyanga.

Jumatatu Katibu alipita shuleni. Akamkuta Regina akisahihisha madaftari kivulini.

"Mwalimu, nikuulize wewe msomi. Kwa nini baba yako ananichukia?"

"Hakuchukii, Ndugu Katibu."

"Mbona hajanipigia makofi hata siku moja? Yeye na watu wake wote. Nimesema ya pembejeo, kimya. Nimesema ya zahanati, kimya. Hata niliposema mkutano umekwisha, kimya! Wenzao pale walifurahi kweli kweli."

Jioni Regina alimuuliza baba yake zizini. Mzee alishangaa swali lenyewe, akamwita binti yake "mama" kwa lugha ya kwao.

"Mayu, makofi ni ya mtemi. Mtemi akipita unapiga magoti, unapiga makofi, anakwenda. Halafu serikali ikasema watemi basi, hakuna tena. Nikasema sawa, serikali imesema. Nikaiweka mikono yangu. Sasa huyu Asukile anatakaje? Anataka arudishe utemi? Wakinikamata je?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikuwa anahamishwa kwa ukaidi, na ukaidi wenyewe ulikuwa utiifu wake. Regina alirudi kwa Katibu akaeleza yote kwa utaratibu. Katibu alisikiliza hadi mwisho.

"Hayo ni mawazo ya kikabila, Mwalimu," akasema kwa upole. "Chama hakiendi hivyo."

Kueleza kulikuwa kumeshindwa. Maelezo, Regina aliwaza akirudi nyumbani, ni kama kumsomea paka ramani ya kisanduku. Ndipo akili yake ilipokwenda kwenye kamba.

Siku iliyofuata aliwaambia watu wa kisomo waziwazi, maana hakuwa mtu wa kunong'ona. "Jumamosi tumsikilize Katibu kama tunavyosikilizana hapa darasani. Akisema neno jema juu ya ng'ombe, makofi. Papo hapo. Akisema mengine, mikono magotini."

"Mimi sipigi," alisema baba yake.

"Wewe husomi hapa, baba? Ulipopigiwa ulikuwa mtemi?"

Mzee alifikiri. "Sikuwa mtemi."

"Basi haya ni makofi ya kusoma. Naye anajifunza."

Wasukuma waliangaliana. Hiyo ilikaa sawa. Makofi ya mtemi yabaki ya mtemi, haya ni ya mwanafunzi. Lakini Damari alikuwa amesimama tayari, mikono kiunoni.

"Mwalimu, kamwene."

"Kamwene, mama."

"Ng'ombe wa baba yako walikula nusu ya shamba langu. Nimelima kwa mkono huu, nimeinama mpaka mgongo umesahau kunyooka. Leo nipige makofi kwa ajili ya mikia?"

Regina aliweka chaki chini. Bwana Paka hakuwahi kuweka paka wawili kwenye kisanduku kimoja. "Basi, mama," akasema, "wewe piga pale unapoona wewe ni pazuri."

"Nitapiga," alisema Damari, na ilisikika kama tishio.

Jumamosi ya kwanza Ndugu Asukile alikuwa anaeleza habari ya kuhama. Katikati akasema, kwa kupita tu, "Sikatai, ng'ombe nao wana faida zao, lakini..." Pa-pa, paa! Kutoka upande wa fimbo. Katibu alikatika maneno. Aligeuka nyuma kuona nani mkubwa amefika. Hakukuwa na mtu. Akarudi kwenye hotuba, akapoteza alipokuwa, na kabla ya kumaliza akajikuta amerudia, safari hii polepole, akiwatazama kwa pembe ya jicho: "Kama nilivyosema, faida zao..." Pa-pa, paa!

Shingo ilirefuka.

Jumamosi iliyofuata faida za ng'ombe zilipata aya nzima: maziwa ya watoto, samadi, jembe la kukokotwa. Wasukuma walipiga mpaka fimbo zikaanguka. Ndipo Katibu, kwa kuona haya mbele ya wakulima, alipoongeza kwamba pamoja na hayo mpunga wa mtu ni jasho la mtu na mnyama hana ruhusa nao. Upande wa pili Damari na wanawake wa mabondeni wakapiga, mawili ya haraka, moja zito, kwa nguvu ya watu wanaotwanga. Katibu aligeukia huko. Wasukuma wakaweka mikono magotini.

Wiki zile zilikuwa za kutazamika. Ndugu Asukile aliyumba kati ya pande mbili kama mtu anayevuka ubao juu ya mfereji. Akiwasifu ng'ombe kupita kiasi, wanawake walikuwa mawe. Akiutetea mpunga kwa ukali, wafugaji walikuwa magogo. Ile habari ya kuhama ng'ambo haikupigiwa na yeyote, kwa kuwa hata wakulima walinunua samadi na maziwa kwa mzee, na ikaanza kufupishwa. Kutoka nusu saa ikawa dakika chache, kisha sentensi moja mwishoni, iliyosemwa haraka kama mtu anayetaja deni. Na Jumamosi moja, akitafuta mahali pa kuweka mguu, akasema: "Lakini kama ng'ombe wangekuwa na njia yao... ya kwenda mtoni... yenye uzio wa miiba huku na huku..."

Pande zote mbili zilipiga kwa pamoja. Mti ulimwaga majani. Katibu aliomba maji ya kunywa.

Walimu wenzake Regina walicheka mpaka machozi. Yeye mwenyewe alicheka Jumamosi mbili za kwanza. Ya tatu aliona haya kidogo, kama mtu aliyechungulia dirishani akaona kitu ambacho hakikuwa chake. Baba yake ndiye aliyelisema, wakikamua asubuhi.

"Mayu, hii unayomfanya yule mtu, mimi namfanya maksai. Lakini maksai nikimaliza namlisha, namkuna shingo. Huyu ukimaliza unampa nini?"

"Sijui, baba."

"Hmm," alisema mzee, akaendelea kukamua.

Kisha wakaja wa wilayani. Mkuu wa zoezi la kuhamisha alifika na malori mawili matupu na miwani ya jua, mtu mkavu, asiye na muda. Alikuwa na ratiba ya vijiji vingi, na kijiji hiki katika karatasi yake kilikuwa kimekwisha kuhama. Watu wote walikusanywa. Wake wa Mzee Bujiku walikuwa wameshaambiwa wafunge vyombo, na sufuria zilikuwa nje, moja ndani ya nyingine.

"Leo hakuna makofi," mgeni alisema kabla ya salamu. "Hakuna vigelegele, hakuna nyimbo. Tumekuja kazini. Katibu, waambie utaratibu, tupakie."

Ndugu Asukile alisimama. Regina alikuwa ameketi na watu wa kisomo. Alikijua kisa cha paka mpaka hapo. Alijua kwamba tendo likikosa samaki hupukutika. Sasa samaki alikuwa amepigwa marufuku, na nyuma ya Katibu kulikuwa na mtu anayeweza kumpeleka kokote nchini kwa saini moja. Wiki zote zile zilikuwa kazi ya viganja, na viganja vilikuwa vimefungwa.

"Ndugu wananchi," Katibu alianza. Sauti ilikuwa ya zamani. "Kama tulivyokwisha kutangaza, wafugaji wote... kuanzia leo..." Akatazama upande wa fimbo. Kimya. Akatazama upande wa wanawake. Kimya. Hata Damari, mwenye nusu shamba lililoliwa, alikuwa anatazama zile sufuria. "Kuanzia leo watapanda..." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likafika kwenye kola.

Mzee Bujiku aliweka fimbo yake chini. Akatoka mstarini, goti moja likiuma na jingine likifuata, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Katibu. Akapiga makofi. Hayakuwa yale ya darasani. Yalikuwa ya taratibu, viganja vimepinda, sauti ya chini inayosikika mbali. Wasukuma wote walitambua. Wengine hawakuwa wameyasikia tangu utoto wao.

Katibu hakuwa amesema neno jema hata moja.

"Nani huyo?" mgeni alifoka. "Nimesema hakuna makofi!"

Ndugu Asukile alimtazama mzee aliye magotini. Alipozungumza tena, sauti haikuwa ya hotuba. "Huyu ni Mzee Bujiku," akasema. "Yeye ndiye tunayetakiwa kumpakia. Mheshimiwa, kijiji hiki kimekubaliana ng'ombe wabaki. Watakuwa na njia yao mpaka mtoni, na uzio. Wakulima wanajua, wafugaji wanajua. Mimi sikukuandikia, nilitakiwa nikuandikie. Kosa ni langu."

"Wakulima wanajua?" Mgeni alivua miwani. "Nani mkulima hapa aliyekubali ng'ombe?"

Mkulima mmoja alijificha nyuma ya mwenzake. Kisha Damari akainuka.

"Mimi," akasema. "Walinilia nusu shamba, na bado nakubali. Lakini uzio uwe wa miiba kweli, si vijiti vya kupendezesha. Na njia isipite kwangu, ipite kwa yule pale anayejificha."

Watu walicheka, na mgeni akashindwa kujua kama kucheka nako kumepigwa marufuku. Alitazama saa. Alitazama malori. Vijiji vingine vilikuwa vinamsubiri, na mahali hapa palikuwa na maneno mengi. Akasema anawapa mpaka mavuno. Akikuta ng'ombe mmoja ndani ya mpunga, malori yatarudi na hatasikiliza mtu aliyesimama wala aliyepiga magoti. Malori yaliondoka matupu kuelekea barabara kuu, vumbi lake likakaa juu ya sufuria za wake wa mzee, nao wakaanza kuzifuta na kuzirudisha ndani, moja moja, wakisonya.

Wiki ile ile walianza kukata miiba. Regina aliwaleta wanafunzi wakubwa asubuhi, na alasiri kisomo kizima kilihamia kwenye njia. Katibu naye alikuja, amekunja mikono ya shati, akilima kama mtu wa migomba anavyolima ardhi ngumu, yaani vibaya na kwa bidii. Alikuwa na malengelenge viganjani. Walipopumzika Regina alimpa maji, kisha akasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa kifuani.

"Ndugu Katibu, yale makofi ya Jumamosi. Mimi ndiye niliyewapanga."

Ndugu Asukile alikunywa, akafuta mdomo. "Najua. Mke wangu aliniambia Jumamosi ya pili. Anasoma kisomo, umesahau? Anakaa karibu na dirisha."

Regina alikosa pa kuweka macho. "Na uliendelea?"

"Mwalimu, mimi nimewahutubia watu hawa miaka miwili sijui wanataka nini. Kila nikiuliza, 'ndiyo Ndugu Katibu.' Nikisema kushoto, ndiyo. Nikisema kulia, ndiyo. Ghafla, kwa mara ya kwanza, nasema kitu, naona hapa wanapiga, hapa hawapigi. Nikasema, ahaa! Nikawa nabahatisha maneno nione lipi litafungua." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilitaka pia kupigiwa, nisidanganye. Vyote viwili."

Akamrudishia Regina chombo cha maji.

"Lakini yale ya siku ile," akasema. "Ya mzee. Hayo nayo uliyapanga?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Hata mimi sikuyatarajia. Nilimuuliza jioni. Akasema alikuona unaogopa, akaona ukumbushwe kwamba kuna watu mbele yako."

Katibu alitikisa kichwa polepole. Saikolojia ambayo Regina alifundishwa Iringa ingeweza kueleza zile Jumamosi zote, moja baada ya nyingine, kwa mchoro ubaoni. Alijaribu kuiweka na ile siku ya malori mahali pake kwenye mchoro, ikakataa kuingia. Au iliingia, ila kwa upande ambao hakuupenda, kwamba huenda mzee naye alikuwa amefundishwa na mtu fulani, zamani sana, kwa makofi ya mtu mwingine. Hakujua. Aliona kwamba angeweza kuishi bila kujua, mradi asiache kuuliza.

"Haloo!" Damari alipaza sauti kutoka mbele, jembe juu. "Serikali na elimu mmesimama pale mnazungumza, huku njia inanikatia hatua nzima ya shamba! Nani kapima hapa? Wewe, mzee wa mikia?"

"Nimepima kwa ng'ombe wangu!" alijibu Mzee Bujiku. "Ng'ombe wangu ni wanene!"

"Wamenenepa kwa mpunga wa nani?"

Ndugu Asukile aliokota jembe lake, Regina akaokota la kwake, wakaenda kupima upya.